Mvinyo Ulionukia Ubani

Watu wa kwetu wakisikia kwamba Muscat kuna msimu wa baridi, hucheka. Nami nilicheka mwaka wa kwanza, mpaka nilipomwona mama niliyekuwa nikimfanyia kazi akivaa sweta mwezi wa kumi na mbili na kuamuru meza ya chakula ihamishiwe uani. Kiangazi chote watu wamejifungia na viyoyozi kama mboga kwenye friji. Baridi ikija, wanakumbuka kuwa wana marafiki. Kuanzia Novemba hadi Februari nyumba yetu ya mtaa wa Hail haikumaliza wiki bila wageni.

Mama huyo alikuwa Mzungu mjane, mwalimu mstaafu. Alifundisha Tanzania miaka mingi kabla ya kuhamia Oman na mumewe, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila alikisema polepole kama mtu anayepanga vyombo vya udongo. Marafiki zake walikuwa sita, wageni wenzake waliozeekea hapa, na walialikana kwa zamu. Lakini mvinyo, hata wa meza za wenzake, aliuchagua yeye. Kibali cha serikali cha kununua pombe alikuwa nacho, pua alikuwa nayo, na maneno ndiyo usiseme. Hakuna aliyethubutu kuonja kabla yeye hajatangaza glasi ina nini.

Halafu akapata mafua mabaya, na homa ilipoondoka ikaondoka na pua yake.

Mimi nilikuwa wa kwanza kujua, maana maziwa yaliungua jikoni naye amesimama kando ya jiko anasoma gazeti. Nilipomkazia macho, akakaa akalia. "Sisikii harufu yoyote," akasema. "Wiki ya tatu sasa. Usimwambie mtu."

Sikuelewa siri ilikuwa ya nini mpaka aliponieleza. Binti yake, aliyekuwa akiishi Ulaya, alikuwa ameshamtafutia chumba katika nyumba ya kutunzia wazee. Alichokosa ni sababu tu. Na kati ya wale marafiki sita, mmoja alikuwa daktari mstaafu aliyezungumza na huyo binti kwa simu kila mwezi. Mzee asiyesikia maziwa yakiungua hatasikia gesi ikivuja. Daktari angelisema hilo, na angekuwa na haki ya kulisema. Mama angeondoka Muscat, alikomzika mumewe. Nami, sitaficha, viza yangu ilikuwa kwa jina lake.

"Basi tutatumia pua yangu," nikamwambia. "Mimi mzaliwa wa Dodoma. Baba yangu alilima zabibu."

Ya baba ilikuwa kweli. Kwamba nilijua mvinyo, huko kulikuwa kujitapa. Zabibu tulizivuna zikaenda kiwandani, na divai niliiona altareni mikononi mwa padri.

Tulifanya kazi asubuhi, jikoni. Alinimiminia kidogo, nikanusa, nikaonja, nikasema kilichonijia. Zambarau. Ukwaju. Viatu vipya vya shule. Udongo uliopata mvua ya kwanza. Yeye aliandika kila neno kwenye daftari, kisha akaenda kuwatafsiria wenzake, nao wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Taratibu nikaanza kuwa na maoni yangu, na mimi nikiwa na maoni sinyamazi. Mvinyo mwekundu aliuacha kabatini, kwa sababu vitabu vinasema unywewe kwa joto la chumba; nikamwambia vitabu hivyo havijawahi kulala Muscat. Nikautia kwenye friji nusu saa na ukawa mtu. Nguru wa kuchoma nilimpa mweupe mkali, unaokata mafuta kama ndimu. Tulijaribu kutafuta wa kuendana na halwa, ikashindikana kabisa. Halwa haitaki mwenzake ila kahawa.

Basi baridi iliyofuata, zamu yetu ilipofika, Mama alitaka kupika mbuzi na kutoa mvinyo ambao wenzake hawajawahi kuuonja. Akaleta chupa moja ya majaribio Alhamisi jioni, akiwa na haraka. Nikainusa pale pale, nimeegemea dirisha.

"Mama," nikasema, "huu unanukia ubani."

Alifurahi hadi akapiga makofi. Kesho yake akanunua chupa nane za aina hiyo na kuwapigia wote sita. Mvinyo wenye ubani! Wapi pengine wangeupata, na mezani Oman!

Karamu ilikuwa Jumanne. Saa kumi jioni nikafungua chupa ya kwanza, nikanusa. Zambarau. Nikanusa tena. Zambarau na chumvi kidogo. Nikafungua ya pili, ya tatu, nikatia pua hadi ikalowa. Ndipo nikakumbuka dirisha. Jirani yetu, bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, kila Alhamisi baada ya Magharibi hufukiza nyumba yake yote kwa chetezo cha ubani, kuanzia vyumbani mpaka viatu vya wajukuu mlangoni. Nilikuwa nimeusifu mvinyo kwa kazi ya chetezo cha jirani.

Nikaruka hadi kwake bila hata kuvua aproni. "Shikamoo, bibi. Tuna wageni, nataka uani kunukie."

"Marahaba, mwanangu. Nna ubani wa Dhofar, si ule wa madukani." Akanipa chetezo na makaa yake, kisha akanishika mkono. "Wageni wenu wanakunywa nini, mie sikukuuliza, nawe usinambie."

"Sikuambii, bibi."

Nikakificha chetezo nyuma ya kiyoyozi cha nje, ambacho msimu huo kilikuwa mapumzikoni, upande unaotoka upepo. Mama sikumwambia. Alikuwa na wasiwasi wa kumtosha.

Wageni wakakaa, Mama akatangaza ubani wake, na kila mtu akazamisha pua ndani ya glasi. Moshi ulikuwa ukipita kwa adabu, mwembamba. "Ajabu!" akasema mmoja. Daktari akafumba macho: "Ubani mtupu." Nilisimama na sinia la mbuzi nikijiona mjanja kuliko wote waliopo.

Upepo ukazidi. Wingu zima likaja juu ya meza. Mama, glasi ikiwa njiani kwenda mdomoni, akasimama ghafla.

"Nani anachoma ubani?"

"Ni mvinyo," akasema daktari. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia."

"Si mvinyo! Ni moshi. Nausikia!" Akaondoka mezani akifuata pua yake, akainama nyuma ya kiyoyozi, akainuka na chetezo mikononi, machozi yakimtiririka. "Nasikia harufu! Mwaka mzima sikusikia kitu, sasa nasikia!"

Kwa furaha alikuwa ametoboa siri yake mwenyewe, tena kwa Kiingereza, ili asiachwe mtu. Daktari akaweka glasi chini.

"Mwaka mzima," akasema. "Na mvinyo aliuchagua nani?"

Mama akaninyooshea chetezo.

"Ule mweupe wa nguru?" daktari akaniuliza.

"Mimi."

"Wa viatu vya shule?"

"Mimi." Niliiona viza yangu ikipaa, na Mama amekaa dirishani mahali penye theluji.

"Na gesi," akasema, "inanuswa na nani?"

"Mimi pia. Kila asubuhi na kila jioni, kabla sijagusa kiberiti. Hata siku yangu ya mapumziko napita kwanza jikoni."

Kisha akamgeukia Mama, aliyekuwa bado amekumbatia chetezo na majivu yakimwagikia sweta.

"Binti yako akinipigia," akamwambia, "nitamwambia nyumba hii ina pua."

Nikaweka sinia mezani nikarudi jikoni mbio, maana mbuzi alikuwa na chumvi ya kutosha, hakuhitaji na machozi yangu.