Zumari ya Baba na Mzee wa Sketi

Naona haya kulisimulia hili, lakini nusu ya mtaa wetu wa Albert Park wameshaliona kwenye simu, bora mlisikie kwangu mwenye aibu.

Mdogo wangu Hamadi nimemlea mimi tangu wazazi walipotufia Pemba. Niliacha shule darasa la sita, na sasa napakia mizigo huku ugenini, viwandani Mobeni, ili yeye asome. Basi mwaka huu akapata babu. Mzee Murdo, Mskoti wa kisiwa fulani cha huko kwao, anavaa sketi ya miraba na anamfundisha kupuliza zumari yao ya mfuko. Ikawa asubuhi Mzee Murdo, jioni Mzee Murdo.

"Kaka, ukimwita Mwingereza anakasirika kama wewe ukiitwa Mkongo! Anasema sisi watu wa visiwa ni wamoja."

Sisi! Kisiwani kwao hauoti hata mnazi. (Ndiyo, ulikuwa wivu.)

Siku ya maonyesho yao bustanini, nikiwa natoka, nikaona nichukue zumari ya marehemu baba, niifiche ndani ya koti, watu wajue mtoto huyu ana kwao. Hamadi akapiga, makofi yakalia, Mzee akamkumbatia akasema kwenye maikrofoni, "Huyu ni mwanangu." Mwanangu! Miguu ikanipeleka jukwaani yenyewe, nikatoa zumari, nikajaza mashavu kama alivyofanya baba (sijawahi kuipuliza maishani, inakaa sandukuni tu), ikatoka sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango, watu wakaangua kicheko, nikavuta pumzi nirudie kwa nguvu, na kile kitete cha kupulizia cha mdomoni, alichokikata baba kwa mkono wake, kikaniingia kooni.

"Eish! Anakufa huyu!" mama mmoja akapiga kelele.

Mzee akaniinamisha, akanitwanga mgongoni, kitete kikaruka hadi kwenye kiatu chake. Akakiokota, akakipangusa kwa sketi, akampa Hamadi. Si mimi.

Hamadi akakipachika kwenye zumari, akapuliza ule wimbo wa harusi aliokuwa akiupiga baba. Mimi chini, machozi na makamasi.

"Umejifunza wapi?" nikamuuliza.

"Vidole, kwa Mzee. Wimbo, kwako, Kaka, unauimba kila ukiosha vyombo. Zumari yenyewe ndiyo ulinikataza kuigusa."

Tangu siku hiyo sanduku halina kufuli, na mimi jukwaani sipandi tena, napiga makofi nikiwa nimekaa. Ila Mzee akisema "mwanangu", bado naguna kidogo.