Paka wa Gwantwa Wenye Alama ya Sikio

Ukishuka pale Mpemba ukafuata foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Zambia, Gwantwa utamsikia kabla hujamwona. Yule mama ana sauti bwana. Akisema ugali umeiva, dereva aliyelala kwenye kabini malori matano mbele anaamka, ananawa uso kwa maji ya dumu, anakuja. Mwenyewe anasema sauti hiyo kaitoa kwao Ileje, maana kule kwenye milima ukitaka chumvi kwa jirani huendi, unapaza sauti tu kutoka ng'ambo ya bonde.

Kibanda chake ni cha mbao na bati, jiko liko nyuma, benchi mbili mbele. Anapika ugali, maharage ya karanga, na kapenta, wale dagaa wa kutoka Zambia ambao ukiwakaanga na nyanya unasahau kabisa kama kuna nyama duniani. Watu wanamwita mama Mika, jina la mwanae anayesoma bweni huko Mbozi. Ni mnene kiasi, mcheshi kupita kiasi, na kwaya ya kanisani kwao wamemweka mstari wa nyuma kabisa ili wengine nao wasikike.

Sasa palipo na kapenta pana paka. Hilo halina mjadala.

Walianza mmoja mmoja. Alikuja jike mmoja wa madoa, mtulivu, akawa analala kwenye gunia la mkaa. Gwantwa akamrushia vichwa vya dagaa, akasema huyu si mbaya, atanisaidia panya. Madoa akazaa. Watoto wa Madoa wakakua, nao wakazaa. Yaani ilifika hatua ukikaa benchi kula unahisi miguuni kama umevaa soksi za manyoya. Usiku wanapigana juu ya mabati, wanalia zile kelele zao za mapenzi utafikiri mtoto mchanga ananyongwa. Madereva asubuhi wanakuja na macho mekundu, wanauliza, "Mama Mika, jana mlikuwa na msiba?"

Gwantwa alicheka tu. Ila jirani yake Sadoki hakuwa anacheka.

Sadoki ana ghala la mahindi pale pale, ukuta kwa ukuta na kibanda. Ni Mnamwanga mrefu, mkimya, mtu wa kofia ya pama. Msimu wa mavuno ukifika anamwaga mahindi kwenye maturubai mbele ya ghala, yakauke kabla wanunuzi hawajaja. Na mwezi wa sita huku si unajua baridi yake? Mahindi yaliyopigwa jua yana joto tamu. Kwa paka lile turubai ni godoro. Na ni choo pia. Paka akishaona kitu kinachofukulika, kazi imeisha.

"Mama Mika," Sadoki akaja siku moja, kofia mkononi, sauti ya chini kama mtu anayetoa pole. "Mimi sina ugomvi na wewe. Ila hawa paka nitawatilia sumu. Mnunuzi akikuta uchafu kwenye mahindi yangu anageuza gari."

"Kaka Sadoki, sumu tena? Watakufia hata chini ya magunia, utanuka mwezi mzima."

"Bora harufu kuliko hasara."

"Nipe muda niwapunguze."

"Paka unampunguzaje? Ni foleni ya malori kwamba yatavuka?"

Gwantwa ile "niwapunguze" aliisema tu kwa kuwa mdomo ulikuwa wazi. Lakini siku hiyo hakuimba jikoni, na Faith, binti anayeuza maandazi na mayai ya kuchemsha kibanda cha pili, akajua kuna jambo.

Jibu likaja lenyewe likiwa na njaa. Dokta Ombeni, daktari wa mifugo, alikuwa anazunguka mitaani kuchanja mbwa chanjo ya kichaa, akaingia kula. Gwantwa akamwekea ugali mkubwa kuliko wa wengine, halafu akakaa mbele yake, mikono kwenye aproni.

"Dokta, paka anahasiwa?"

"Anahasiwa. Dume tunamtoa kokwa, jike tunamfunga kizazi. Wanalala, wanashonwa, kesho wanatembea."

"Halafu nawapeleka wapi?"

"Hapa hapa. Hilo ndilo la muhimu, mama Mika. Ukiwaua au ukiwatupa, kesho wanakuja wengine kutoka jalalani, maana chakula kipo. Ukiwahasi ukawarudisha, wanabaki kulinda eneo lao, hawazai, hawapigani, na zile kelele za usiku zinaisha."

Dereva mmoja Mzambia wa Ndola, Jairo, aliyekuwa anakula benchi la pili, akainua kichwa. "Kelele zinaisha? Bamayo, mama yangu, mimi nachangia dawa." Na kweli wakachangishana pale pale, kila dereva aliyekosa usingizi akatoa chake. Dokta kwa upande wake akasema kazi ya mikono yake atalipwa kwa ugali na kapenta mpaka atakapochoka. Hajachoka mpaka leo.

Kuwakamata sasa, hiyo ilikuwa sinema. Gwantwa alichukua tenga la kuku, akaliegemeza kwenye kijiti, kijiti kafunga kamba, chini kaweka kapenta wa kukaanga. Yeye na Faith wamejibanza nyuma ya pipa la maji. Paka akiingia, Faith anavuta kamba, Gwantwa anarukia tenga na kulikalia. Anasema uzito wake haukuwahi kumfaa maishani kama wiki zile. Madoa alikamatika kirahisi, alikuwa anamwamini. Kuna dume moja jeusi, shavu kubwa, wao walimwita Konda kwa jinsi anavyopanga wenzake, huyo aliwazungusha mpaka wakamkosea adabu. Alikuja kunaswa siku ya kapenta wa limao. Bajaji inapakia matenga, abiria wanauliza hao kuku mbona wanalia hivyo, safari ya kwa dokta inaanza.

Paka walirudi wamelewa dawa, wamenyolewa tumbo, na kila mmoja ncha ya sikio la kushoto imekatwa, imenyooka kama imepigwa rula. Dokta alimweleza: ile ni alama. Ukimwona paka kwa mbali unajua huyu tayari, usihangaike kumkamata tena. Anakatwa akiwa usingizini, hasikii kitu.

Gwantwa akaona ni jambo la akili sana. Kilichomponyoka ni kwamba pale Mpemba hakuna mtu asiyejua maana ya sikio lililokatwa. Watu wa huku wamekulia kwenye mbuzi na ng'ombe. Ukoo huu unakata ncha, ukoo ule unatoboa katikati, mwingine unachana pembeni. Mbuzi akipotea, akionekana hata vijiji vitatu mbele, wanamshika sikio tu, wanasema huyu wa kwa fulani.

Faith ndiye aliyeanza.

"Dada Gwantwa, paka wako kanilia mayai mawili."

"Paka wangu yupi? Mimi sina paka."

"Dada, mimi ni mtoto wa Isansa, usinifanye sijui mifugo. Sikio la kushoto, ncha. Wote wako hivyo hivyo."

"Hiyo alama ya dokta."

"Basi ni wa dokta?"

"Si wa dokta. Si wa mtu."

Faith akamwangalia kwa huruma kabisa. "Mnyama gani ana alama halafu hana mwenyewe?"

Kuanzia hapo Gwantwa hakupumua. Fundi baiskeli analeta kesi, paka wa mama Mika kalala kwenye kofia yake. Mama wa samaki anataka kujua kwa nini Gwantwa hawafungii ndani. Watu wanamsalimia, "Mama Mika, hujambo, na mifugo haijambo?" Anajieleza mpaka koo linakauka, wao wanaitikia kwa adabu na hawamwamini hata kidogo.

Kilele kikawa Jairo. Alikuwa amekwenda zake na mzigo, akarudi baada ya siku kadhaa akiwa amembeba Konda kwapani kama mkoba.

"Bamayo, mtu wako huyu alijificha nyuma ya siti, nikamkuta Nakonde tayari tumevuka. Ametoka nchini bila pasi."

"Si ungemwacha tu huko?"

"Nimwache vipi, na sikio lina alama yako? Kesho useme Jairo ni mwizi wa mifugo."

Benchi zima likacheka, na Konda mwenyewe akashuka akaenda kulala kwenye mkaa kama mtu aliyetoka kazini.

Yote hayo Gwantwa aliyabeba kwa utani. Aliona mambo yanakwenda sawa: watoto wa paka hawazaliwi tena, usiku kimya, madereva wananenepa kwa usingizi. Ila kitu kimoja hakikubadilika, na ndicho kile kile kilichoanzisha yote. Paka kuhasiwa hakumzuii kupenda godoro. Turubai la Sadoki bado lilikuwa na joto, na bado lilikuwa choo.

Siku moja wanunuzi wakaja. Mmoja akachota mahindi kwa kiganja, akanusa, akayarudisha taratibu. Akapanda gari. Sadoki akaenda buchani, akarudi na utumbo kwenye mfuko mweusi, akaingia ghalani kutafuta sumu ya panya.

Faith alimwona, akakimbia na unga wa maandazi mikononi. "Dada, leo anawaua."

Gwantwa aliacha mwiko ndani ya sufuria. Alimkuta Sadoki amechuchumaa mlangoni, utumbo kwenye sinia, kopo la sumu pembeni halijafunguliwa. Madoa na wenzake walikuwa wameshakaa mbele yake kwa mstari, mikia imezunguka miguu, wanasubiri chakula kwa heshima zote.

"Kaka Sadoki, usifanye."

"Kwani ni wako?" Sadoki akainua uso. "Nimekusikia mimi kwa masikio yangu. Kila siku unawaambia watu hawa si wa mtu. Kama si wa mtu, niache. Kama ni wako, ubebe na uchafu wao."

Watu wakawa wamejaa. Fundi baiskeli yupo, mama wa samaki yupo, wote wanaodai paka kawakosea wapo. Na balozi wa mtaa, mzee Efraimu, naye kafika na kijiti chake cha mswaki mdomoni.

Gwantwa akatazama zile nyuso. Akijibu si wangu, kama alivyozoea, Madoa hatoboi mpaka jioni. Akijibu ni wangu, basi kila yai, kila samaki, kila kofia ya fundi, na hili turubai lote, vinamwangukia yeye, leo na miaka inayokuja. Hakuna sehemu ya katikati ya kusimama. Akajifuta mikono kwenye aproni.

"Ni wangu," akasema, na kwa sauti ile, hata watu wa kule Chapwa walisikia. "Wote wenye sikio lililokatwa ni wangu. Shikamoo mzee balozi, uwe shahidi."

"Marahaba." Mzee Efraimu akatoa mswaki mdomoni. "Basi imekwisha. Mfugo wa mtu hauwekewi sumu, Sadoki, hata angekuwa kunguru. Na wewe mama Mika, mwenye mfugo ndiye mwenye kinyesi. Haya, safisha."

Na akasafisha. Alasiri nzima alikaa kwenye turubai na ungo, anapepeta, anachagua, anatupa, Faith akimsaidia na kumsimanga kwa zamu. "Mwenye mali huyo. Tajiri wa mifugo." Wateja wa ugali siku hiyo walijipakulia wenyewe.

Jioni alimpigia dokta simu, akaelekezwa la kufanya, na kesho yake akaomba mchanga laini kwa mafundi wanaojenga jirani. Akaumwaga kwenye tairi kuukuu la lori nyuma ya jiko, sehemu yenye jua, akazika humo kidogo ule uchafu wa turubai ili wajue kazi ya mahali pale. Chakula nacho akakibadilisha: kapenta wanatoka asubuhi, Sadoki anapofungua maturubai, na wanatoka nyuma, mbali na mahindi. Paka si mjinga. Akishiba palipo na jua na mchanga, hana sababu ya kutembea. Wa kwanza kuelewa alikuwa Madoa. Konda alikaidi kidogo, kisha akaanza kuwasimamia wengine kama alivyozoea. Asubuhi kabla ya kuwasha jiko Gwantwa anachota uchafu kwenye tairi kwa koleo, huku anaimba sehemu yake ya kwaya.

Wanunuzi walikuja wengine. Wakachota, wakanusa, wakapakia.

Sadoki hakuja kushukuru, siyo mtu wa maneno. Alikuja baada ya muda, saa za mchana benchi zimejaa, amekumbatia mfuko wa salfeti unaotikisika wenyewe. Akasimama pembeni kama mtu anayesubiri chenji.

"Mama Mika."

"Kaka Sadoki, karibu. Ugali?"

"Hapana." Akafungua mfuko kidogo. Ndani kulikuwa na paka jike wa rangi ya chungwa, macho makubwa, amekasirika. "Huyu ni wa nyumbani. Wanangu wanampenda. Sasa kila baada ya miezi michache anazaa, na mke wangu kasema nichague, yeye au paka."

Gwantwa akauma midomo asicheke. "Kesho dokta anakuja. Mwache."

Sadoki hakuondoka. Akazungusha kofia mkononi, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akainama.

"Ila mwambie dokta jambo moja," akasema kwa sauti ya chini. "Huyu amkate sikio la kulia. Lile la kushoto ni la kwako."