Ufunguo Uliokuwa Chini ya Mama Mkwe

Baiskeli yangu ya umeme ilipokuja ilikuwa na adabu kupita kiasi. Kwenye tambarare ilikwenda kama bibi harusi, na kwenye kile kilima cha kutoka darajani kuingia mjini Bariadi iliniomba nishuke nisukume. Kuku walinipita. Wala sisemi kuku wa kukimbizwa. Kuku wa kawaida, wenye shughuli zao.

Mimi ni mhitimu wa masomo ya jioni, na somo lililonikaa kichwani kuliko yote ni la umeme: zidisha volti kwa ampia, umepata nguvu. Basi nikaagiza mota kubwa ya gurudumu la nyuma, nene kama sufuria ya msibani, pamoja na kontrola yake, maana kontrola ndiyo inayoipimia mota umeme kutoka kwenye betri. Ile ya zamani ilipima kwa kijiko. Hii ilipima kwa ndoo. Nikafunga mwenyewe uani. Waya zote ziliingia isipokuwa za breki. Baiskeli hizi ukibana breki umeme unakatika, lakini plagi zake hazikulingana na kontrola mpya, nikaziacha zining'inie kama hereni. Nikajiambia, breki ni breki. Nilipoijaribu barabara ya Lamadi, upepo ulinitoa machozi, na nusura nifike Lamadi kabla sijaamua kwenda.

Wiki ileile mama mkwe akaja kutoka Bukundi kuonyesha macho hospitali. Bodaboda hapandi, anasema ni kukalia moto. Baiskeli anaiamini, ujana wake wote amesafiri juu ya keria.

"Baba watoto, si una baiskeli?" mke wangu akasema. "Mpeleke mama, polepole."

Sasa, kwetu mkwe haguswi. Humtazami usoni, na ukiwa na neno naye unalipitisha kwa mtu wa tatu. Yeye naye hawezi kunishika kiuno hata kwa dawa. Akaketi upande, kanga mbili, mikono yote miwili kwenye chuma cha keria. Na chini ya keria hiyohiyo, pale miguu yake iliponing'inia, ndipo ilipokuwa betri, na kwenye betri ufunguo wa kuwasha na kuzima.

Tulianza kwa heshima. Mteremko wa kwenda darajani ulipoanza, nikaachia akseleta. Mota haikuachia. Nikaitikisa akseleta, nikairudisha kwa kiganja, mota ikazidi kuvuma. Baadaye niligundua waya mmoja wa akseleta ulichomoka na kontrola ikadhani nataka umeme wote. Lakini pale sikugundua kitu.

Nikabana breki. Kwa kuwa umeme haukukatwa, breki na mota vikaanza kupigana na mota ikashinda. Mipira ya breki ikanuka kama mahindi yaliyosahauliwa jikoni. Mbele, darajani, ng'ombe walikuwa wanavuka, na nyuma yao mkokoteni wa pamba umeziba njia yote. Mimi ningeruka. Yeye je? Macho yenyewe hayaoni vizuri, na hajashika mtu.

Nikafikiria kupeleka mkono nyuma nitafute ufunguo. Mkono wa mkwe, kwenye miguu ya mama mkwe, barabarani. Mkono ukagoma wenyewe.

"Wewe baiskeli," nikasema, "laiti ungepata mtu wa kukuzima."

Kisha sauti ya mama mkwe nyuma yangu, taratibu: "Baiskeli hii mbona inakimbia na mwenyewe kabana breki?"

"Baiskeli imekataa," nikauambia usukani. "Ina ufunguo kwenye betri, chini ya keria. Ukizungushwa kuelekea nyuma, inalala."

"Na baiskeli ilikuwa inangoja nini kusema?"

Ili aufikie ilibidi aachie chuma. Nikasikia keria ikiinama upande mmoja, na moyo wangu ukasimama kabisa, naapa, ukaniacha niendelee peke yangu. Ndipo shati langu likavutwa mgongoni. Ngumi nzima, imekamata kitambaa na ngozi kidogo. Halafu, tik.

Mvumo ukafa. Breki zikashika. Tulisimama pembeni mwa fahali mmoja ambaye pumzi yake ilinilowesha mkono.

Mwenye mkokoteni akatutazama kwa utulivu. "Shemeji," akasema, "hiyo baiskeli yako inakunywa nini?"

Mama mkwe alishuka, akauchomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga. Kisha akamgeukia yule fahali.

"Wewe ng'ombe, mwambie mwenye baiskeli kwamba Mungu kampa miguu."

Fahali hakuniambia, ila nilisikia. Nikakanyaga. Mota kubwa iliyozimwa ni jiwe la kusagia lililofungwa kwenye gurudumu, na kilima kile siku hiyo kilikuwa kirefu kuliko barabara ya kwenda Maswa. Jasho lilinitoka.

Alikuwa amerudi kukaa kama mwanzo, upande, kanga zimetulia. Lakini ngumi ilikuwa bado mgongoni mwangu, imeshika shati. Hakuiachia mpaka kwenye geti la hospitali, na njia nzima sikupata mtu wa tatu wa kumpitishia neno kwamba asiiachie.