Maji ya Kumkanda Mkaza Mwanangu

Mwanangu wa kiume aliporudi nyumbani Msambweni kutoka Diani, alikuja na mke mwenye mimba ya miezi saba, godoro, na jiko la gesi la meko mawili. Mtungi wake ulikuwa mtupu. Hoteli alikokuwa mpishi iliwapa watu wote likizo isiyokuwa na siku ya kurudi, kwa sababu baada ya zile vurugu za mwaka ule, watu wa bara walipofukuzwa na nyumba zao kuchomwa, wazungu waliacha kuja. Nikamwambia lile jiko alisukume uvunguni mwa kitanda, kisha nikampa panga akatafute kuni.

Shule mimi nilikwenda miaka miwili, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Lakini moto naujua. Nimepika tangu sijafika kimo cha kinu. Na nyumba yenye watu watatu wanaokula na hakuna anayeleta, kitu cha kwanza kinachoimaliza ni moto. Chakula utachuma mchicha, utachimba muhogo, utaomba samaki wa kitoweo kwa mpwa wako. Makaa na mafuta ya taa hayachumwi popote.

Basi nikaweka sheria. Kibatari kimoja, nacho hakiwashwi mpaka mtu asione mkono wake. Chakula cha jioni tulikila jua lingali juu. Chai mara moja kwa siku. Kunde zilirowekwa tangu alfajiri, na sufuria ikishafunikwa ilitiwa jiwe juu ya kifuniko, na ole wake atakayefunua kuchungulia. Moto uliopika sima ndio uliochemsha maji, na ukishachemsha maji ulichoma muhogo. Muhogo ukiiva niliyazika makaa ndani ya jivu, na asubuhi niliyachambua moja moja kwa vidole, mazima nikayarudisha ndani ya debe.

Mwanangu alikuwa akinung'unika. "Mama, kule hotelini taa zilikuwa zikiwaka mchana kutwa."

"Ndiyo maana imefungwa," nikamwambia.

Mkewe akacheka, kisha akajiziba mdomo kwa mkono akaniangalia kama nimekasirika. Sikukasirika. Yule binti alikuwa wa bara. Mamake alikuwa na shamba dogo huko ndani, kwenye ardhi waliyogawiwa watu kutoka mbali, lakini baada ya vurugu alifunga mizigo akarudi kwao. Binti akabaki kwa sababu ya mume na ya tumbo. Kila jioni alikuwa akiniuliza mambo ya uzazi wa huku kwetu, akiyauliza kwa woga, na mimi nikimjibu kwa ufupi. Sina mdomo wa kubembeleza. Nilimwambia, "Wewe zaa salama. Siku arobaini ni zangu."

Huku kwetu mzazi hukandwa. Asubuhi na jioni, maji ya moto, sufuria kubwa ya shughuli. Unachovya kitambaa, unakamua, unamkanda tumbo, kiuno na mapaja, mpaka uchovu wa uzazi umtoke. Siku arobaini. Sasa wewe piga hesabu ya kuni. Hakuna nyumba inayoweza peke yake, ndiyo maana wanawake wa jirani huja na kuni. Kila mmoja huja na mzigo wake siku ya tatu, wanautua uani, wanamwangalia mtoto, wanakwenda zao. Nami nimebeba mizigo hiyo tangu ujana wangu.

Ila kabla hajazaa, nilifanya jambo.

Ilikuwa mvua ile kubwa iliyoitwa Elinino. Ilinyesha mpaka choo kikatitia. Barabara ya ndani ilikatika, lori la makaa halikuja, na kuni zote zilikuwa maji. Debe langu la makaa nikawa nalilalia kama kuku na mayai. Asubuhi moja jirani yangu wa ng'ambo ya ua, mwanamke wa rika langu, akaja na kifuu mkononi kupalia moto. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka yote. Moto wako ukizimika unakwenda kwa mwenzio, anakutilia makaa mawili matatu katika kifuu, unakwenda kuwasha wako. Hukuhitaji hata kibiriti.

Nikaangalia jiko langu. Makaa matatu ni chai ya asubuhi.

"Leo sina wa kugawa," nikamwambia. "Moto hauna bure siku hizi."

Akatazama jiko linawaka. Akanitazama mimi.

"Haya, bibi," akasema. "Ufunike vizuri basi, usije ukaibiwa na upepo."

Akageuka na kifuu chake kitupu mvuani. Nilijiambia atasahau. Moyoni nilijua kwamba jambo kama lile mwanamke hasahau, na kufikia adhuhuri wenzake wote wanalo.

Binti akajifungua hospitali, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Siku ya pili wakarudi nyumbani. Siku ya tatu nikafagia uani, nikapatengeneza mahali pa kuweka kuni. Majirani wakaja kweli. Walikuja wamejitanda vizuri, wakasema hongera, wakamwombea mtoto, wakanisalimia kwa adabu iliyozidi kiasi. Mikono mitupu, wote. Yule jirani yangu hakuja kabisa.

Binti akaniuliza, "Mama, si ulisema wanaleta kuni?"

"Mvua," nikamjibu.

Nikaanza kuchoma nilichonacho. Nilichoma mlango wa banda la kuku. Nilichoma mchi uliopasuka. Makumbi ya nazi yalikuwa yamelowa, yanatoa moshi na machozi tu, maji hayapati hata uvuguvugu. Mwanangu alikwenda msituni akarudi na kuni mbichi zinazotoa povu. Siku ya nane nilimkanda mzazi kwa maji ambayo ningeona aibu kumnawisha mgeni. Akavumilia, akisema asante. Ile asante iliniuma.

Sasa, chumbani mwangu mlikuwa na gunia la korosho. Mnunuzi hakuja msimu ule, na mvua ikazitia ukungu. Zilikuwa hazina soko wala mlaji. Siku ya tisa nikachukua konzi mbili nikazitupa kati ya mafiga. Lo! Zilishika moto kama zimemwagiwa mafuta ya taa, na kweli mafuta zinayo, ndani ya ganda. Maji yalitokota kabla sijapata kitambaa. Binti alipokandwa alifumba macho.

"Mama, hii maji ya leo ni nzuri," akasema kwa Kiswahili chao cha bara. "Hii ndiyo ile ulikuwa unaniambia."

Nikafurahi. Nikajiona mjanja. Gunia zima, moto wa bure, siku arobaini zitakwisha na debe langu halijaguswa.

Kila mtu wa Kwale anajua korosho huchomwa nje. Unakaa upande unakotoka upepo, watoto unawafukuza, kwa sababu mafuta ya ganda hubabua ngozi na moshi wake nao hubabua vile vile. Hilo nilifundishwa kabla ya kufundishwa kusali. Lakini nje kulikuwa na mvua. Nikachoma jikoni, nikaacha mlango wazi, nikasema moshi utatoka. Na juu ya mafiga palikuwa na kamba, na juu ya kamba nilianika kile kitambaa cha kukandia, kwa sababu jua halikuwako na sikutaka moto wa pili wa kukikausha.

Siku ya kumi na mbili akaanza kujikuna. Siku ya kumi na nne tumbo lilikuwa jekundu, mapaja yamevimba, na malengelenge yamejipanga kiunoni kama shanga. Mtoto alikuwa hajambo, kwa rehema za Mola, kwa sababu yeye alikuwa na kitambaa chake. Mwanangu akampeleka mkewe zahanati, wakampa dawa ya kupaka, wakamuuliza kama amebadilisha sabuni.

Aliporudi alikaa kitandani, mtoto mapajani, akisema bila kuniangalia. "Labda ni ngozi yangu, Mama. Haijazoea huku. Si makosa ya mtu. Lakini nataka kwenda kwa mama yangu. Nimeshindwa na pwani."

Mwanangu akasema, "Utasafiri vipi na mtoto wa wiki mbili, na barabara hivi?"

"Nitasafiri hivyo hivyo. Jumamosi."

Nikatoka nikaenda jikoni. Vidole vyangu ncha zilikuwa nyeusi na zinabambuka, na siku mbili nilikuwa nikijifanya sizioni. Nikakishusha kile kitambaa. Kilikuwa kigumu, rangi ya kahawia. Nikakinusa. Nikakaa chini kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi.

Sitadanganya, nilifikiri kunyamaza. Yeye mwenyewe ameshajilaumu, zahanati wamelaumu sabuni, na gunia ningelifukia mvuani asijue mtu. Angekwenda kwao akiamini kwamba mwili wake haufai kwetu. Na mtoto angekua huko akiambiwa hivyo.

Nikarudi chumbani na kitambaa mkononi.

"Si ngozi yako," nikamwambia. "Ni mimi. Nilichemsha maji kwa korosho. Moshi wake umeingia hapa."

Hakuelewa. Mwanangu ndiye aliyeelewa, akasimama. "Mama! Korosho? Ndani?"

Binti akatazama kitambaa, akatazama tumbo lake. "Ulijua?"

"Nilijua korosho hubabua. Sikujua kitambaa kitashika."

"Lakini ulijua."

"Nilijua," nikasema.

Akajigeuza akaelekea ukutani. "Usiniguse tena, tafadhali."

Lile tafadhali lilinikata kuliko kama angenitukana.

Siku mbili hakukandwa na mtu. Alijipaka dawa mwenyewe, akamnyonyesha mtoto, akakunja nguo zake. Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, nikajitanda leso nikavuka ua.

Jirani yangu alikuwa akikuna nazi barazani. Nikapiga hodi mara tatu, na ya tatu ndiyo aliyoitika.

"Karibu. Vipi, moto wako umezimika?"

"Moto upo. Kuni hamna."

"Ulisema moto hauna bure."

"Nilisema."

"Na kuni?"

"Nazo hazina bure. Nimekuja kuomba."

Akaendelea kukuna. Alikuna ile nazi mpaka kifuu kikawa cheupe ndani, nami nimesimama. Nikamweleza yote, korosho, kitambaa, malengelenge, Jumamosi. Sikupunguza kitu. Aliposikia habari za malengelenge mkono wake ulisimama.

"We mwanamke," akasema, "una wazimu?"

"Ninao."

"Kuni za mzazi wako nilizikata tangu mvua haijaanza. Ziko mle ndani, kavu. Nilikuwa nangoja uniite. Mtu hapeleki mzigo kwenye nyumba iliyomrudisha na kifuu kitupu."

"Basi nakuita."

"Niite vizuri."

Miaka mingi sikuwa nimeomba mtu kitu. Maneno yalikuwa mazito kama jiwe la kusagia. "Dada yangu, nisaidie."

"Ehee," akasema, akasimama akikung'uta machicha. "Kumbe unaweza."

Alasiri ile walikuja watano. Walitua kuni uani, wakanisema mbele ya mwanangu mpaka wakachoka. Jirani yangu aliingia kwa binti peke yake, wakakaa muda mrefu. Sikusikiliza. Nilikuwa nje nikipanga kuni. Alipotoka alisema, "Amekubali kukandwa. Na mimi. Si na wewe."

"Jumamosi je?"

"Sikumuuliza Jumamosi. Chemsha maji."

Nikachemsha. Jumamosi ikafika, begi likawa limefungwa mlangoni, na gari la asubuhi likapita barabarani tukalisikia. Binti hakusema anakaa wala anakwenda. Alimwomba tu jirani yangu kitambaa kingine kikavu cha mtoto. Begi lilikaa pale mlangoni wiki nzima. Kila siku nililizunguka nikipita, sikulisogeza.

Kazi yangu ikawa kuwasha, kuchota na kufikisha ndoo mlangoni. Malengelenge yalipasuka, yakakauka, ngozi ikabambuka na chini yake ikatoka mpya, nyororo. Hayo nilikuwa nikiambiwa. Lile gunia nililifukia mbali na kisima.

Siku ya ishirini na saba jirani yangu alichelewa, alikwenda kwenye maziko. Maji yalikuwa tayari. Nikayafikisha mlangoni kama kawaida, nikageuka nirudi jikoni.

"Mama," akaniita. "Maji yatapoa."

Nikasimama. Nikamwambia mwenzangu bado hajaja.

"Nimesikia. Lete kitambaa nikione."

Nikampa. Kilikuwa kipya, nimekikata kutoka kwenye leso yangu ya harusi, maana ndiyo pamba laini niliyokuwa nayo. Akakinusa pembe zote nne, bila haraka. Akatia kiwiko chake majini kama tunavyompimia mtoto. Kisha akajifungua leso, akanigeuzia mgongo.

"Hapa chini bado ni laini," akasema. "Pole pole."

Nikachovya, nikakamua, nikaanza na kiuno. Mara ya kwanza mwili wake ulikaza, baadaye ukalegea. Uani kuni zilikuwa zikiwaka kupita haja ya maji yaliyobaki, nikazisikia zikialika na kupasuka, na sikwenda kuzipunguza.