Bastola ya Droo

Hebu mfikirie mtunza silaha wa walinzi wa msitu akiingia ofisini kwa mkuu wake, viganja vyeusi kwa mafuta. Ni mama wa makamo, miaka kumi na tisa anapambana na kutu, na walinzi wote humwita Shangazi.

Mezani palikuwa na bastola mbili. Moja nyeusi, imechubuka, imezunguka msituni misimu mitatu ya mvua. Ya pili ni ya mkuu mwenyewe, inang'aa kama kijiko cha wageni. Mkuu huyo, kwa taarifa yako, msitu anauona dirishani.

"Linganisha mwenyewe, Shangazi. Yangu haina hata doa! Tunawanunulia walinzi wote hizi. Tia sahihi kwamba zinafaa."

"Mkuu, yako imelala drooni. Hata msumari ukilazwa drooni haushiki kutu. Ivae wiki mbili, uende nayo doria."

"Basi utaniomba radhi," mkuu akacheka, akaivaa.

Wiki mbili hazijaisha akarudi, bastola kaifunga kwenye leso. Mvua na jasho vilikuwa vimepenya chini ya mng'aro, kutu imetapakaa, kifyatulio kinagoma kidoleni. Ile nyeusi ilikuwa inafanya kazi kama jana.

"Isafishe kimyakimya, Shangazi," akanong'ona, "halafu tia sahihi. La sivyo, kesho ghala litapata mtu mwingine."

Akiisafisha, ushahidi umefutika, na walinzi arobaini wataingia msituni na mapambo viunoni. Wewe mwenzangu, ungekishika kitambaa cha kuisafishia?