Kipande cha Reli cha Baba Mkubwa

Wiki iliyopita nilipanda kwetu, juu ya Usa, kumzika shangazi. Nilitoka Engutoto asubuhi na khanga mbili na sukari ya msiba, nikafika watu wameshakaa kwenye majani ya migomba. Kengele ya kanisa ikalia. Ni kengele mpya ya shaba, walitumiwa na marafiki wa ng'ambo, na sauti yake ni tamu kama kijiko kwenye glasi. Kila mtu akasema kengele nzuri. Mimi nikawa natazama ule mti wa mringaringa nyuma ya kanisa. Kwenye tawi lake la chini kuna kovu, pale mnyororo ulipokula gome miaka na miaka. Mnyororo haupo, na kilichoning'inia hapo hakipo. Wewe rafiki yangu ungepita usione kitu. Mimi nilimwona baba mkubwa.

Baba mkubwa, kaka yake baba yangu, alikuwa mtu wa reli enzi zile za Mwingereza. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli, kila alfajiri na nyundo ya mpini mrefu, anagonga kabari zinazoshika chuma, anasikiliza ipi imelegea. Ngo, ngo. Akinyamaza kidogo, ujue ameinama anakaza. Halafu tena, ngo. Reli ilikuwa chini bondeni na sisi juu kwenye kahawa, lakini sauti ilipanda yote. Akina mama walikuwa hawana saa. Wakisikia nyundo wanachochea moto, wanaweka ndizi. Mpaka leo nikinusa moshi wa magogo ya mbuni masikio yangu yanasubiri kitu.

Jioni alirudi na shati la kaki limeshika grisi, sisi watoto tukamkimbilia njiani. Alisimama katikati ya njia, mikono kiunoni, uso wa ukali.

"Abiria! Tiketi ziko wapi?"

Tiketi ilikuwa ndizi mbivu. Usipokuwa nayo anakwambia, "Wewe unashukia hapa hapa," na anakubeba begani hivyo hivyo. Hakuna mtu pale kwetu ambaye hakumpenda. Mama mwenye uchungu wa kuzaa alipelekwa hospitali kwa toroli la reli, genge zima la wafanyakazi wenzake likisukuma, na yeye mbele anaimba nyimbo za kanisa vibaya mno.

Ile kengele ya zamani aliileta yeye. Kanisa letu lilikuwa halina kengele, watu wanaitwa kwa pembe la ng'ombe. Basi akamwomba Mzungu wa reli kipande cha chuma cha reli kilichokatika, akapewa, akakipandisha mlima na wenzake wa genge. Bega lake lilichubuka likabaki na alama. Wakakitundika kwenye mringaringa, nyundo yake ya zamani ikawekwa kwenye msumari pembeni. Toka siku hiyo kipande kile ndicho kilichotuita Jumapili, na ndicho kilichomlilia kila aliyekufa. Bila kengele watu wa kilima cha pili hawashuki. Na mtu akizikwa bila kengele, watoto wake wanalibeba jambo hilo mpaka na wao wazikwe.

Halafu baba yangu akafa kwa kifua. Mama akabaki na sisi watatu na paa linalovuja. Baba mkubwa akatuchukua, akatujengea chumba uani kwake. Mke wake mwenyewe ndiye aliyekandika udongo. Mwaka uliofuata mama akajifungua mtoto, na mtoto alikuwa wa baba mkubwa. Kimila hilo halikuwa neno, ndugu anarithi mjane. Kanisani lilikuwa neno kubwa. Wazee wa kanisa walimwita wakamwambia amtoe yule mwanamke. Akajibu, "Nikimtoa atalala wapi? Mnaye mwenye nafasi?" Wakamtenga. Asiguse meza ya Bwana, asikae ndani.

Mimi nimeokoka, na sikufichi, naishika amri ile ya mke mmoja mpaka leo. Sijakuja hapa kuwasema wazee. Nakueleza tu nilichokiona. Kila Jumapili baba mkubwa aliwahi kuliko wote, akakaa nje kwenye jiwe chini ya kengele yake mwenyewe, kofia magotini, akasikiliza neno kupitia dirishani. Watu wakiimba ndani, yeye aliimba nje. Bibi, mama yake, alikaa ndani benchi la mbele na hakugeuza shingo. Nyumbani alimwambia, "Mwanangu, utatubu lini?" Naye akamjibu, "Mama, nitubu nini, watoto wanakula?" Bibi akaendelea kusonga loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa, lakini mwiko ulikuwa unagonga chungu.

Masika ile mvua ilikuwa ya hasira. Mto ukabeba migomba na mbuzi. Asubuhi moja nyundo ilipanda kama kawaida, ngo, ngo, kisha ikanyamaza. Tukasema anakaza kabari. Mama akachochea moto, akageuka akasikiliza. Ndizi zikaiva. Hakuna. Tuta la reli lilikuwa limelika chini na maji, likamkatikia miguuni. Genge walimkuta chini ya daraja amebanwa na magogo, mpini wa nyundo umevunjika. Walimpandisha kwenye toroli lile lile la wajawazito.

Bibi hakulia. Aliingia mgombani akakata jani la masale, akaniambia, "Nisindikize."

Kwetu Meru mtu akikuletea masale, hata kama amekuulia mtoto, unapokea na unasamehe. Kukataa ni kujitafutia laana. Kila mtu anajua hivyo, Mkristo na asiye Mkristo, na mwinjilisti wetu alikuwa Mmeru kama sisi. Alipomwona bibi na lile jani akarudisha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba. Umeona nilichobeba."

"Nimeona. Lakini mama, masale huletwa na aliyekosa. Aliyekosa amelala."

"Mimi ndiye niliyemzaa. Chukulia miguu hii ni yake."

"Wazee wameshakaa. Hakuna sala, hakuna kengele. Nikimpigia yeye, kesho kila mwenye wake wawili ataniuliza, mbona yule?"

"Kengele hiyo ilikuja kwa bega la nani?"

Mwinjilisti akatazama chini. "La kwake, mama."

"Basi sikudai, mwanangu. Nakuomba."

Mikono yake haikutoka mgongoni. Bibi akaenda mpaka kwenye mringaringa, akalifunga lile jani kwenye mpini wa nyundo ya kengele. Akasema, bila kumtazama, "Masale hayarudi nyumbani." Tukashuka. Njia nzima alinishika mkono kwa nguvu, nikaogopa kumwambia ananiumiza.

Siku ya kuzika tulikuwa wachache kweli. Mama na mke mkubwa walikaa pamoja kwenye mkeka mmoja. Mwinjilisti alikuja, lakini bila kanzu na bila kitabu, akasimama nyuma kabisa kama jirani yeyote. Kila mtu masikio yalikuwa juu, upande wa kanisa. Kimya. Hata kuku walinyamaza, au mimi ndivyo ninavyokumbuka. Genge la reli walisimama pembeni na mashati yao ya kaki, Wajaluo, Wapare, Wanyamwezi, kila mmoja na nyundo yake maana walikuja moja kwa moja kutoka kazini. Nyapara wao, Mjaluo mrefu, akauliza kwa sauti, "Kwani hapa mtu haimbiwi?"

Mzee mmoja wa ukoo akamwambia, "Hakuna ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

"Ya kanisa, bwana. Nyamaza."

"Sawa. Yule mtu alikuwa na mabwana wawili, kanisa na reli. Huyo wa pili ni mimi hapa." Akawapungia wenzake, wakateremka bondeni mbio kwenye matope. Tukadhani wamekasirika wamekwenda zao. Mama akajifunika khanga usoni.

Jeneza lilikuwa limeshaingia tuliposikia. Ngo. Ngo. Halafu kimya kidogo, kama mtu ameinama anakaza. Kisha tena, ngo. Walikuwa wanaipiga reli yenyewe, nyundo zote pamoja, kwa mwendo wake yeye. Ile sauti ilipita mashambani ikaenda sijui mpaka wapi. Watu wakatoka kwenye kahawa na majembe mikononi, wa kilima cha pili wakaanza kushuka, mmoja, kisha wengi, wakajaa mpaka njiani. Hapo ndipo bibi alipolia, akakaa chini kwenye udongo wa kaburi kama mtoto mdogo.

Jioni ile nilitumwa kuchukua jembe lililosahaulika kaburini. Nikamkuta mwinjilisti, peke yake, amepiga magoti na koti lake la Jumapili. Alikuwa anachimba kwa vidole pale kichwani. Akalipanda jani la bibi, na mche mwingine wenye mizizi pembeni yake, akashindilia udongo kwa viganja. Hakuniona. Nilirudi mbio nikamwambia bibi.

"Amepokea," akasema. Kisha akanishika kidevu. "Usimwambie mtu. Wakijua watamnyang'anya kazi, na ana watoto." Jumapili iliyofuata bibi aliingia kanisani akakaa benchi lake lile lile. Wakati wa wimbo, kwa mara ya kwanza, aligeuza shingo akatazama dirishani, kwenye jiwe tupu.

Wote wamelala sasa, bibi, mama, mwinjilisti. Ndiyo maana nakwambia. Kipande cha reli nasikia kiliuzwa chuma chakavu. Reli yenyewe bondeni imeota majani, mbuzi wanalala juu ya mataruma, na alfajiri hakuna anayeuliza kabari ipi imelegea.

Baada ya kumzika shangazi nilikwenda pale kaburini. Msalaba ulishaoza zamani. Masale yamekuwa kichaka kikubwa, kinene, yananizidi urefu. Kijana wa mdogo wangu, yule mtoto wa baba mkubwa aliyezaliwa uani, alikuwa ameshika panga, anasafisha apande kabeji.

"Shikamoo shangazi. Haya majani nayakata, yanakula shamba bure."

"Marahaba. Hayo usiyaguse, baba."

"Kwa nini?"

"Yalishapokelewa."

"Na nani?"

Nikatandika khanga yangu chini. "Weka panga," nikamwambia. "Kaa."