Sahani ya Mama ya Saa Sita

Harufu ya giligilani inayokaangwa bila mafuta hunikamata popote nilipo. Juzi ilinikuta sokoni katika mji wetu wa Baraka, ikitoka kwa mama mmoja anayeuza viungo, nikasimama katikati ya njia na kikapu changu mpaka mwenye pikipiki akanipigia honi na kunitukana mimi na ukoo wangu wote. Sikumjibu. Wanaonijua watakwambia kwamba mimi kukosa jibu ni habari ya kutangazwa redioni.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa katika kijiji kimoja cha Fizi, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na Mama alikuwa anaumwa tumbo. Usidhani ni lile tumbo la kula maembe mabichi. Lake lilikuwa linawaka. Alikuwa akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, mara anaachia mchi, anainama na kujishika chini ya kifua kama mtu aliyeficha kaa la moto ndani ya kitenge. Kituo cha afya walisema ni gastriti, wakampa vidonge. Vidonge vikaisha, moto ukabaki.

Ndipo akaja Shangazi Riziki, dada mdogo wa Papa, baba yangu, kutoka Kigoma ng'ambo ya ziwa. Alikuwa amepika miaka mingi katika nyumba ya Wahindi, na bibi mzee wa nyumba ile alimfundisha Ayurveda, elimu yao ya zamani ya kulinda mwili kwa chakula na mwenendo. Mizigo yake ilinukia hivi kwamba, naapa, mbuzi wa kijiji kizima walimsindikiza mpaka mlangoni. Alileta giligilani, bizari nyembamba, shamari, na karatasi moja iliyokunjwa mara nane.

Karatasi ile ilikuwa na masharti. Mama aache pilipili. Aache vichachu na vyote vilivyochachuka. Hapo nyumba nzima ilicheka, maana muhogo wetu tunauloweka mpaka uchachuke ndipo tupate bugali, na kumwambia mwanamke wa Fizi aache bugali ni kumwambia aache kuvuta pumzi. Badala yake ale wali laini uliopikwa pamoja na choroko, na juu yake kijiko cha samli, ambayo mama mmoja wa Minembwe alituletea akishuka mlima kwa miguu. Anywe maji ya moto yaliyochemshwa na zile mbegu tatu. Akimaliza kula atembee hatua mia, halafu alalie ubavu wa kushoto. Asile akiwa na hasira. Na sharti kubwa kuliko yote: ale saa sita, jua likiwa utosini, kwa kuwa bibi yule alisema moto wa kusaga chakula hupanda pamoja na jua. Ale ameketi, chakula kikiwa cha moto. Na ale wa kwanza.

Hilo la mwisho ndilo lililotushinda kulielewa. Mpaka siku ile sikuwahi kumwona Mama ameketi anakula. Alikula sote tukishamaliza, amesimama, akikwangua sufuria.

"We ndiyo askari," Shangazi aliniambia, maana yeye alishinda Baraka akiuza viungo vyake, na Papa alishinda shuleni akifundisha. "Utamuangalia mama yako mpaka anamaliza. Mangaribi utanieleza."

Siku tatu za kwanza zilikuwa siku za ajabu. Mama aliketi kwenye kigoda, akala polepole huku akitazama pembeni kwa haya, kana kwamba ameiba. Akahesabu hatua zake mia, nami nyuma yake nikihesabu kwa sauti ya kuamsha samaki wa ziwa lote. Siku ya tatu alicheka, akasema moto umeshuka kidogo.

Siku ya nne lubunga ikauona moshi.

Lubunga ni kile kibanda cha wazi ambamo wanaume wa ukoo wetu hukaa, na ambamo kila mwanamke akipika hupeleka sahani. Kwa kawaida sisi tulipika mangaribi, jua likizama, tukitoka shamba. Saa sita hakuna aliyewasha jiko. Kwa hiyo moshi wetu ulisimama peke yake juu ya kijiji kama bendera ya wilaya.

"Muke ya mwalimu!" Alikuwa Baba Mukubwa, kaka wa Papa, mtu mwenye tumbo la kuingiza ndama. "Moshi tunaiona. Sahani iko wapi?"

"Ile ni dawa, Baba Mukubwa."

"Dawa iko na samuli? Basi na sisi tuko bagonjwa! Bagonjwa kabisa!"

Walicheka mpaka nyasi za paa zikatikisika. Mama naye akacheka pamoja nao. Halafu akaingia jikoni, akachukua sahani kubwa kuliko zote, akaijaza, akamwagia samli, akanipa mimi niipeleke.

"Na wewe, Mama?"

"Nyamaza. Unataka baseme mi nabanyimaka chakula?"

Kilichobaki alitugawia mimi na wadogo zangu. Ningekuwa mwongo nikisema nililia. Nililamba bakuli mpaka likang'aa. Mangaribi Mama akala bugali baridi na pilipili, amesimama.

"Askari, mama alikula?" Shangazi akauliza alipoingia.

"Alikula, Shangazi."

"Yote?"

"Yote."

Nilikuwa nimeshajua kwamba nikisema kweli, kesho sisi watoto hatutaonja tena wali. Basi nikasema vile jioni baada ya jioni. Lubunga ikaijua saa ya samli kuliko ilivyojua saa ya misa. Hata wajomba wa vijiji vingine wakaanza kupita kusalimia saa sita kasoro. Shangazi aliongeza shamari, akapunguza bizari, akaisoma karatasi yake tena na tena, akishangaa kwa nini mgonjwa anazidi kukonda.

Mama alianguka shambani kabla mvua hazijaanza. Alitapika damu nyeusi kama kahawa. Walimpakia kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili, wakakimbia naye hospitali. Alirudi siku ya pili, amefunikwa.

Matangani, wanaume walikaa katika lubunga ileile.

"Riziki," Baba Mukubwa alisema, "wewe ulimulisha muke ya ndugu yetu nini? Ni ile majani ya Bahindi ndiyo imemuua."

"Muite mutoto," mwingine akasema. "Yeye ndiye alikuwa anamuangalia."

Nikasimama mbele yao. Kila aliyekula sahani ya Mama alikuwa pale, ananitazama.

"Mama yako alikuwa anakula ile chakula?"

"Alikula," nikasema. "Kila siku."

Shangazi, ambaye asubuhi ile alikuwa ameuosha mwili wa Mama kwa mikono yake na kuona mbavu zake, alinitazama, kisha akawageukia wanaume.

"Kama mutoto anasema alikula," akasema, "basi alikula."

Papa alikunja ile karatasi akaitia motoni. Kesho yake Shangazi alipanda boti, bila mtu wa kumbebea mzigo.

Miaka ilipita. Nilikuwa tayari na watoto wawili nilipoingia masomo ya jioni, na mwalimu akachora tumbo ubaoni, akaeleza jinsi asidi inavyoling'ata. Darasa zima liliandika. Mimi nilitoka nje. Sisemi masharti yale yangemponya Mama. Sijui, na hakuna atakayejua, maana hayakujaribiwa. Yalijaribiwa siku tatu, na katika siku hizo tatu alicheka.

Jambo lililochelewa kuniingia ni lile la Shangazi. Alijua. Angeweza kufungua mdomo, akaangusha lubunga nzima, na mimi pia nikaanguka mbele ya baba yangu. Alichagua kuitwa muuaji ili mtoto wa miaka tisa asiitwe mwongo siku ya kumzika mama yake.

Bado yuko hai, Kigoma. Boti zinatoka Baraka kila wiki, na kila wiki nina sababu: mtoto ana homa, ziwa lina mawimbi, sina kitenge cha kuendea ugeni. Mimi mwenye maneno ya kujaza gunia, nimetafuta neno la kuanzia pale mlangoni kwake, sijalipata.